Maji ya Paa Yaende Wapi? Fimbo ya Kusuuzia Gata na Mila za Mbali

Katika vitongoji vya miji ya Marekani, fundi wa kuosha kuta za nyumba hubeba mashine ya presha, madumu ya sabuni na mpira wa maji, na pamoja na hivyo huwa na fimbo moja ndefu iliyopindwa kichwani. Fimbo hiyo ni bomba la alumini au faiba lenye vipande vinavyoingiana. Likivutwa lote hufika ukingo wa paa la ghorofa ya pili. Fundi husimama chini, hupachika ncha iliyopinda juu ya gata, hufungua maji, kisha hutembea polepole kuelekea bomba la kuteremshia. Maji yanayoruka kutoka kwenye ncha husukuma mchanga, mbegu na majani yaliyobaki, na gata husuuzika bila mtu kupanda ngazi. Kama kifaa cha kazi, hakina maajabu. Kinachostahili uhakiki ni swali lililokizaa, ambalo kila jamii yenye paa imelijibu kwa namna yake: maji yakishafika ukingoni yaende wapi, na nani ayasafishie njia?

Tuanze nyumbani kwa fimbo yenyewe. Paa nyingi za Marekani huezekwa kwa vigae vya lami vilivyofunikwa chembechembe za mawe. Miaka ikipita, chembe hizo hubanduka na kutulia ndani ya gata, zikachanganyika na sindano za misonobari na majani ya mialoni yanayopukutika mwishoni mwa mwaka. Gata ya kawaida ya huko ina upana wa inchi 5, kwa hiyo haihitaji takataka nyingi kuziba. Tena, penye unyevu, juu ya vigae huota kiumbe kiitwacho Gloeocapsa magma, kinachoacha michirizi myeusi. Waoshaji hukiua kwa sodiamu hipokloraiti, dawa ileile iliyomo katika jiki ya kufulia, wakiinyunyiza kwa presha ndogo. Yote yanayonyunyizwa juu hushukia kwenye gata. Yakiachwa humo hula rangi na alumini. Na kama gata ilikuwa na tope, mvua ya kwanza hulimwaga juu ya ukuta uliooshwa jana kwa malipo. Ndiyo maana fundi makini huishughulikia gata mara mbili: huitoa uchafu kabla ya kugusa ukuta, na huisuuza kwa fimbo baada ya dawa kumaliza kazi yake.

Fimbo ina mipaka, na wanaoitumia kila siku huijua. Inasuuza, haichoti. Majani yaliyoshikamana yakisukumwa na maji huenda kukwama kwenye kiwiko cha bomba la kuteremshia, ndipo fundi alazimike kuingiza mpira kutoka chini kwenda juu ili kuyazibua. Presha ikizidi, maji hupenya nyuma ya fishabodi, ubao unaoshikilia gata, au chini ya vigae, na kilichokusudiwa kuzuia unyevu hugeuka kuwa njia yake. Zaidi ya hayo, aliye chini haoni anachokiosha. Hutegemea kioo, kamera au sauti ya maji tu. Hata hivyo faida yake kubwa haibishaniwi. Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, huwataka waajiri wa kazi za ujenzi kuweka kinga ya kuanguka kuanzia kimo cha futi 6, na gata za nyumba ya ghorofa ziko juu mno kupita hapo. Fimbo inalinda ukuta, chuma na maisha ya fundi. Yasiyolindwa ni maji yenyewe: yakishashuka bombani huenda kwenye majani ya uani au kwenye mtaro wa barabara, na hakuna anayeyaulizia.

Wasiwasi kuhusu ukuta safi na maji ya paa ni wa kale kuliko Marekani yenyewe. Mwaka 1240 Mfalme Henry III wa Uingereza aliagiza gata za risasi za jengo kuu la Mnara wa London zirefushwe mpaka ardhini, ili maji ya mvua yasiuharibu ukuta uliokuwa umetoka kupakwa chokaa. Tazama mpangilio wa sababu: weupe wa ukuta ulitangulia, bomba likaja kuutumikia. Fundi wa leo anayesuuza gata ili tope lisiuchafue ukuta alioupendezesha anaongozwa na hofu ileile ya mfalme. Wanachotofautiana ni mahali pa kuweka juhudi. Mfalme alibadilisha jengo mara moja. Fundi habadilishi kitu, anarudi kila mwaka.

Waingereza waliofuata waliligeuza suala hili kuwa la maadili ya uangalizi. John Ruskin, katika The Seven Lamps of Architecture ya mwaka 1849, alishikilia kwamba kufagia majani machache kwenye njia za maji kwa wakati wake kunaliokoa jengo zima na ukarabati wa gharama. William Morris na wenzake walipoanzisha chama cha kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1877, walilifanya wazo la matunzo ya kila siku kuwa msingi wao. Katika mila hii gata si sehemu ya urembo wa nje, kama ilivyo kwa mwoshaji wa Marekani, bali ni kipimo cha uaminifu wa mwenye nyumba kwa waliojenga kabla yake. Mmarekani anauliza kama nyumba inapendeza. Mfuasi wa Ruskin anauliza kama itakuwapo.

Kifaa cha Uingereza ya sasa nacho ni tofauti. Kanuni za kazi za juu za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri kwanza aepuke kabisa kumpandisha mtu juu pale inapowezekana, na agizo hilo limeipa nguvu biashara ya mashine za kunyonya: bomba refu la faiba nyepesi lenye kamera nchani, linalovuta tope na kuvu ya vigae kutoka kwenye gata hadi ndani ya pipa. Ilhali fimbo ya Marekani inasukuma kwa maji, bomba la Uingereza linavuta kwa hewa. Kila moja lina mantiki ya mtaa wake. Nyumba ya kitongoji cha Marekani huzungukwa na uwanja wa majani, na tope likiruka halimkwazi mtu. Nyumba nyingi za miji ya Uingereza zimeshikana ukuta kwa ukuta na kutazamana na njia ya waendao kwa miguu. Tope lirukalo litaangukia dirisha la jirani au kofia ya mpita njia. Mashine ya kunyonya ni ghali na nzito zaidi, lakini huondoka na uchafu. Fimbo ni nyepesi na rahisi, lakini huuhamisha uchafu tu.

Ukuta wa chokaa wa Henry III unatuleta pwani ya Afrika Mashariki na Omani. Huko nako wajenzi walikuwa na kuta nyeupe zisizopenda maji. Kwetu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na katika bara la Omani ni tofali za udongo. Paa la kale lilikuwa bapa. Lakini badala ya kuyateremsha maji ukutani kwa bomba, wajenzi waliyarusha mbali na ukuta kwa mlizamu, mfereji mfupi wa mti au jiwe unaochomoza nje ya ukingo wa dari. London ilirefusha njia ya maji kwenda chini. Maskati, Lamu na Unguja ziliirefusha kwenda nje. Lengo ni moja na jibu ni kinyume.

Mlizamu hauna kiwiko, hauna kifuniko, na mteremko wake ni mkali. Takataka hazipati pa kukaa, na zikikaa mtu aliye juu ya dari bapa huziondoa kwa ufagio akiwa amesimama mahali salama. Kifaa cha kuusafishia kwa hiyo ni dari lenyewe, linalomfikisha mfagiaji penye kazi. Hata kuuosha ukuta kulikuwa na maana nyingine. Ukuta wa chokaa haupigwi maji ya presha, kwa sababu ngozi yake hubanduka. Husuguliwa taratibu na kupakwa chokaa upya. Usafi wa ukuta wa Marekani ni kuondoa kilichouganda, ilhali usafi wa ukuta wa chokaa ni kuuongezea kilichopungua.

Mlizamu nao una lawama zake, na haki inataka zisemwe. Katika vichochoro vyembamba vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, maji yanayorushwa mbali na ukuta wangu hufika karibu na ukuta wako, na mpita njia hana pa kukimbilia. Tena paa bapa lililofaa ukavu wa Omani lilielemewa na masika ya Unguja. Kwa hiyo tangu karne ya 19 nyumba nyingi ziliongezewa paa la mabati au vigae juu ya dari la zamani, na pamoja na paa hizo zikaja gata na mabomba ya kuteremshia. Hapo ndipo pwani ilipoanza kuhitaji kazi ambayo awali haikuwapo. Gata iliyoziba juu ya ukuta wa matumbawe hupeleka maji ndani ya ukuta, na maji hayo hufika kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyochimbiwa humo. Boriti huoza kutokea mwisho wake usioonekana, na sakafu hushuka siku ambayo hakuna mvua. Kwa majengo haya, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, onyo la Ruskin lina uzito uleule lilioupata kwa makanisa ya Uingereza.

Japani inatoa jibu la tatu. Majumba mengi ya ibada ya kale hayana gata kabisa. Paa hutoka mbali mno nje ya ukuta, na maji huachwa yadondoke kwenye mstari wa changarawe uliotandazwa chini kuyapokea. Mwandishi Jun'ichirō Tanizaki, katika insha yake ya mwaka 1933 juu ya uzuri wa vivuli, aliuhusisha ukingo huo mpana wa paa na mvua na hali ya hewa ya nchi yake, kisha akaonyesha jinsi hitaji hilo lilivyozaa ladha: giza tulivu la vyumba likawa jambo la kupendwa. Pale Wazungu na Wamarekani walipokinga ukuta kwa chuma, Wajapani waliukinga kwa umbali. Ukingo ambao hauna gata hauzibi, na usioziba hauhitaji fimbo. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa: paa la makuti hufanya vivyo hivyo, likidondosha maji nje ya baraza, kwenye mchirizi uliochimbika wenyewe kwa mvua za miaka.

Hata nyumba za Kijapani zilizotumia gata, mara nyingi za mianzi iliyopasuliwa au shaba, hazikulificha teremko la maji. Mahali pa bomba wengi walining'iniza mnyororo, maji yakashuka pete kwa pete hadi kwenye chombo au mawe. Bomba la Marekani hupakwa rangi ya ukuta ili lisionekane. Mnyororo wa Kijapani huwekwa ili utazamwe. Tofauti hiyo si ya urembo peke yake. Bomba lililofungwa likiziba hulijui mpaka ukuta ulowe, ilhali mnyororo ukikosa maji wakati wa mvua hutoa habari papo hapo kwamba kuna majani yaliyokwama juu. Bomba kwa upande wake huishinda minyororo penye dhoruba: humeza maji mengi bila kuyatapanya, na hiyo ndiyo sababu nyumba za kawaida za Japani ya leo zina mabomba kama za kwingineko.

Mpaka hapa maji yamekuwa kitu cha kuondolewa, kwa haraka au kwa madaha. Bermuda inayageuza mambo yote. Visiwa hivyo havina mto wala ziwa la maji baridi, kwa hiyo nyumba hunywa paa lake. Paa hujengwa kwa mabamba ya mawe ya chokaa yaliyopangwa kwa vidato vinavyopunguza kasi ya mvua, kisha hupakwa weupe. Gata haining'inizwi ukingoni. Matuta ya mawe yaliyojengwa juu ya paa lenyewe ndiyo huyaongoza maji hadi kwenye tangi chini ya nyumba. Sheria ya afya inamtaka mwenye nyumba aviweke paa, njia za maji na tangi katika hali nzuri, na tangi lisafishwe angalau mara moja kila miaka 6. Kinachofanyika Bermuda kwa paa hakiwezi kutenganishwa na kinachofanyika kwa sufuria. Mwoshaji wa Marekani anayenyunyiza hipokloraiti juu ya vigae angehesabiwa huko kuwa anaitia ndani ya maji ya watu.

Nyumba nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zimesimama kati ya Marekani na Bermuda, na hapo ndipo penye utata wetu. Paa letu la mabati na gata yake ya bati au plastiki vina umbo la Kimarekani, lakini bomba lake huishia kwenye tangi kama la Bermuda. Hesabu inaonyesha kwa nini. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka; kwa hiyo paa la mita za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 100,000, hata kama sehemu yake hupotea njiani. Lakini paa hilohilo hukaa miezi ya kiangazi likikusanya vumbi, majani ya mwarobaini na mwembe, na kinyesi cha ndege. Gata iliyotuamisha maji ni mahali pa kuzaliana mbu wa Aedes, wanaoeneza homa ya dengi iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Zana zetu za kazi hiyo ni ngazi, ufagio wa chelewa, mwiko wa fundi na ndoo. Zina hatari ya kuanguka ambayo fimbo ingeiondoa. Zina pia sifa ambayo fimbo haina: mtu aliye juu huona. Anaona kutu inayoanza, kikingio kilicholegea, mteremko uliopinduka. Na anachota uchafu mkavu akaushusha kwa ndoo, bila kutumia maji katika msimu ambao maji ni haba na hununuliwa kwa dumu. Mpira wa kawaida wa bustani hutoa kama lita 15 kwa dakika. Nusu saa ya kusuuza hula lita 450 ili kusafisha njia ya maji ambayo bado hayajanyesha. Hesabu hiyo haimsumbui mkazi wa kitongoji chenye bomba lisilokatika, ila humsumbua sana anayenunua maji kwa boza.

Mafundi wa uvunaji wa maji wana jibu jingine, ambalo naliona kuwa ndilo mwenzake halisi wa fimbo kwenye nchi za matangi. Ni kichepushi, yaani bomba la wima lililozibwa chini na kuwekwa kabla ya tangi. Mvua ya kwanza ya msimu, yenye vumbi lote la kiangazi, huingia humo. Bomba likijaa, mpira unaoelea huziba mdomo wake na maji safi huendelea hadi tangini. Ukitaka kuchepusha milimita 1 ya kwanza kwenye paa la mita za mraba 100, andaa nafasi ya lita 100. Fimbo huleta maji ya binadamu kuisuuza gata, ilhali kichepushi huiachia mvua ijisuuzie njia. Hata hivyo hakiondoi majani yaliyoganda wala tope lililokauka, kwa hiyo mtu bado anahitajika juu au fimbo chini.

Australia inaongeza hoja moja inayovuruga mgawanyo huu wa maji mabaya na maji mema. Katika majimbo yenye moto wa nyika, majani makavu ndani ya gata ni kuni zilizowekwa chini ya paa. Cheche zinazobebwa na upepo hutua humo na nyumba huanza kuungua kutokea juu. Vikosi vya zimamoto huwataka wenyeji wasafishe gata kabla ya majira ya joto, na moto ukikaribia wazibe mabomba ya kuteremshia kwa makusudi na kuzijaza gata maji. Kuziba, ambako kila mila niliyoitaja inakupiga vita, hapo kunakuwa kinga.

Tukiziweka mila hizi pamoja, mgawanyo wa maendeleo na ukale hausaidii kueleza lolote. Mnyororo haukutangulia bomba katika ngazi fulani ya ustaarabu, wala mlizamu si gata ambayo haikukamilika. Linaloeleza zaidi ni pale maji yanapoishia. Yanapoishia ardhini bila mwenyewe, kama Marekani, uchafu na dawa vinaweza kusukumwa nayo, na fimbo ni jibu jepesi na la busara. Yanapoishia njiani kwa watu, kama miji ya Uingereza, uchafu hunyonywa na kubebwa. Yanaporushwa au kudondoshwa wazi, kama pwani ya kale na Japani, ujenzi wenyewe hupunguza kazi ya kusafisha. Na yanapoishia tumboni mwa binadamu, usafi wa gata huacha kuwa tawi la kuosha nyumba na huwa tawi la upishi.

Fimbo za kusuuzia zimeanza kuwa bidhaa ya kuagizwa popote. Hukumu yangu ni kwamba zinatufaa, kwa sababu hakuna gata yenye thamani ya mgongo wa fundi. Lakini zimetoka katika nchi ambayo maji ya paa hayanywewi, na hazikuja na maelekezo ya nyumba zenye tangi. Maelekezo hayo inabidi tuyaandike wenyewe: ukuta wa chokaa usipigwe presha, uchafu mkavu uchotwe kabla ya kufungua maji, kazi ifanywe kabla ya masika na kabla ya vuli, na kabla ya yote, bomba linaloingia tangini lichomolewe, lisirudishwe mpaka tone la mwisho la sabuni na jiki limeshaondoka kwenye gata.